Alhamisi za Chapati za Kijani

Letisia Sulle alipika shuleni miaka kumi na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuonja chakula kabla ya watoto. Chumvi aliipima kwa kunusa mvuke. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kiiraqw, mzaliwa wa vilima vya Mbulu, mwenye sauti ya chini na mikono iliyozoea moto. Aliteremkia tambarare za Hanang mwaka 1974 akimfuata mumewe, Ignasi, aliyepata kazi ya kuendesha kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali.

Kwao Mbulu vishamba vimebanana mteremkoni, na kila mtu anajua jiwe la jirani yake liko wapi. Huku chini, ngano ilianzia nyuma ya nyumba za wafanyakazi ikaenda hadi macho yanachoka. Mwezi wa kwanza Letisia alilala akiwa na kizunguzungu, kama mtu aliyesafiri kwenye lori kutwa. Baadaye alizoea. Alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, kwenye darasa la kisomo lililokuwa likikutana ndani ya ghala la mbolea, na mwaka uliofuata shule ya msingi iliyokuwa upande wa Balangdalalu ikamchukua awe mpishi.

Shule ilikuwa ndogo, watoto themanini na kitu. Wengi walikuwa wa wafanyakazi wa mashamba, na wachache walikuwa wa wafugaji wa Kibarbaig waliokuwa wakichunga pembezoni mwa ngano. Jiko lilikuwa banda la mabati lenye mafiga matatu na sufuria mbili kubwa. Siku zote ilikuwa uji asubuhi na makande mchana.

Ukuta kwa ukuta na shule ilikuwepo zahanati ya kanisa, na muuguzi wake alikuwa Mzungu mmoja wa makamo aitwaye Kaarina. Watu walimwita Sista Karina. Walimdhania Mkanada, kwa kuwa Wazungu wa mashambani walikuwa Wakanada, na yeye alichoka kuwasahihisha kwamba anatoka Ufini. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na bustani ndogo ya spinachi ambayo aliimwagilia mwenyewe kila jioni, hata siku ambazo maji yalikuwa ya kugombania. Mchana alikuja kula makande shuleni, amekaa benchi moja na watoto wa darasa la kwanza. Alimwita Letisia Mama Isidori, jina la mtoto wake wa kwanza, kama alivyosikia wengine wakimwita.

Mwezi wa tatu mwaka 1981 ilikuja telegramu. Mama yake Karina amefariki, na siku ilipofika mkononi mwake, mazishi yalikuwa yamepita kwa siku kumi na moja.

Karina hakufunga zahanati. Alidunga sindano, alipima watoto, alisalimia watu. Lakini siku hiyo sahani yake ya makande ilirudi jikoni imejaa. Kesho yake ikarudi imejaa. Siku ya tatu Letisia aliishika ile sahani akaiangalia kwa muda, akaosha sufuria zake, akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda kupiga hodi nyumbani kwa Sista.

“Karibu, Mama Isidori.”

“Asante. Pole sana, Sista.”

“Nimeshapoa,” Karina alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti akiwa bado amevaa sare yake, mikono mitupu mapajani, kama mtu anayengoja basi.

Letisia alikaa. Hakuwa mtu wa kuzungusha. “Kwetu aliyefiwa hapiki,” alisema. “Majirani ndio wanampikia. Siku tatu hizi nakupakulia chakula na wewe unakirudisha. Sasa naomba uniambie. Kama ungekuwa kwenu, watu wangekuletea nini?”

“Kahawa,” Karina alijibu. “Kahawa na mikate. Lakini sitaki kahawa.”

“Unataka nini?”

“Utanicheka.”

“Sitakucheka.”

“Nataka chakula cha shule.”

Letisia hakucheka, ila hakuelewa. Ndipo Karina akamweleza, taratibu, kwa Kiswahili chake kilichokuwa kikisimama njiani kutafuta maneno. Mama yake alikuwa mpishi wa shule, kijijini, kwenye nchi ambayo nusu ya mwaka theluji imelala chini. Watoto walikuja shuleni wakiteleza juu ya mbao, wakifika nyusi zimeganda. Ilikuwa baada ya vita, vitu vilikuwa haba, lakini kila mtoto alipewa chakula cha mchana bure. Siku ya supu ya spinachi kila bakuli lilitiwa nusu yai la kuchemsha, na mama yake alikuwa akiyakata yale mayai kwa uzi ili kiini kisichafuke. Na kulikuwa na siku ya chapati za kijani. Watoto walioapa kwamba majani hayatapita midomoni mwao walikuwa wakizipangia foleni huku wanasukumana.

“Mimi nilikuwa nasimama mwisho,” Karina alisema, “ili nikifika, mama anipe zile zilizovunjika pia.”

“Zilikuwaje?” Letisia aliuliza, na sasa alikuwa ameinama mbele. “Nene au nyembamba?”

“Nyembamba. Ndogo, kama kiganja.”

“Pembeni zilikuwa laini au zimekauka?”

“Zimekauka. Kama kitambaa cha kufuma.”

“Unga kiasi gani kwa maziwa kiasi gani?”

Karina alitikisa kichwa. “Mimi nilikuwa mlaji tu.”

“Mama yako hakuandika?”

“Hakuandika. Na mimi sikuuliza. Nilidhani muda upo.”

Letisia aliaga akatoka. Njiani aliwaza jambo moja tu, nalo lilimtisha kidogo: atawezaje kupika kitu ambacho hajawahi kukila, ambacho aliyekila hajui kilivyopikwa, na aliyekipika amezikwa?

Jumatatu alijaribu. Unga alikuwa nao wa ngano ya masazo, ile ambayo wanawake waliruhusiwa kuokota kombaini zikishapita, akaisagisha kwenye mashine ikatoka nzito, rangi ya udongo. Alikoroga na maji na yai kama chapati za maji, akatia mchicha uliokatwakatwa, akakaanga kwa mafuta ya alizeti. Zilichanika. Alipeleka zilizosalimika. Karina alitafuna moja, akameza.

“Hapana,” alisema. “Siyo.”

Mtu mwingine angeumia. Letisia alifurahi, kwa sababu mtu anayesema hapana unaweza kufanya naye kazi.

Mara ya pili alichuma spinachi ya Karina mwenyewe, akaacha mchicha. Alichekecha unga kwa kitambaa cha kanga hadi pumba zikabaki juu. Alitumia maziwa badala ya maji. Safari hii zilitoka nzuri, kijani cha nyasi mpya baada ya mvua, wala hakuna iliyochanika. Alizifunika akazipeleka akiwa na uhakika. Karina alichukua moja. Kabla ya kuitia mdomoni aliipeleka puani, akabaki hivyo kidogo, kisha akala.

“Ni tamu,” alisema. “Lakini si yenyewe.”

“Imekosa nini?”

“Sijui, Mama Isidori. Kweli sijui. Usijisumbue tena.”

Letisia alirudi jikoni na sahani, lakini kile kitendo cha kupeleka chapati puani hakikumtoka. Yeye mwenyewe maisha yake yote alipika kwa pua. Basi kilichokosekana hakikuwa mdomoni, kilikuwa kwenye harufu. Na mafuta ya alizeti yana harufu yake, huwezi kuyabembeleza. Kwenye nchi ya ng'ombe wa maziwa na theluji hakuna alizeti. Watu wale walikaangia nini? Alijishika kiuno akajicheka mwenyewe jikoni.

Kulikuwa na mwanamke wa Kibarbaig, mke wa mzee Gidahosh, ambaye mara mojamoja alipita shuleni na vibuyu vya maziwa. Letisia alimwagiza siagi, ile mbichi inayotoka kibuyu kikitikiswa, ambayo hubaki na harufu kidogo ya moshi wa kusafishia kibuyu. Ilifika Ijumaa, imefungwa kwenye majani. Jumamosi asubuhi alichemsha spinachi, akaikamua kwa mikono miwili mpaka ikatoa tone la mwisho, akaikata ndogo sana. Rojo la unga, maziwa na yai aliliacha likae wakati anaosha vyombo. Kisha akaweka kikaango motoni, akatupia siagi, akangoja iache kupiga kelele.

Dirisha la zahanati lilikuwa wazi. Karina alikuwa anafunga kidonda cha mtu. Mgonjwa yule baadaye alisimulia kwamba Sista alisimama ghafla, bendeji mkononi, akageuza uso kuelekea shuleni kama mtu aliyeitwa kwa jina. Alimaliza kufunga kidonda, kwa uangalifu, halafu akatoka bila kuvua aproni.

Aliingia jikoni hakusalimia. Letisia alimpa ya kwanza kwenye kifuniko cha sufuria, kwa sababu sahani zilikuwa mbali. Karina aliila amesimama. Kisha ya pili. Alipofika ya tatu machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, na hakuyafuta wala hakuacha kula. Letisia aliendelea kukaanga, kwa kuwa hakujua jambo lingine la kufanya, na pia kwa kuwa kikaango kilikuwa kimepata moto vizuri.

“Nyingine?” aliuliza.

“Nyingine.”

Alikula saba. Halafu akaketi juu ya gunia la mahindi, akamwambia Letisia jina la mama yake, ambalo hakuwa amelitaja tangu telegramu ije, na Letisia akalirudia mara mbili hadi akaliweza.

Tangu hapo Karina alianza kula makande tena. Lakini aliingiwa na wazo ambalo halikumpa raha. Watoto wengi aliowapima walikuwa na upungufu wa damu, na mboga hawakugusa. Alikwenda kwa Mwalimu Julius, mwalimu mkuu, akiwa na Letisia. Spinachi yeye atalima, alisema, na maziwa yatapatikana. Apewe siku moja kwa wiki.

Mwalimu Julius alikuwa mtu wa heshima na mwenye mashaka. “Sista, watoto themanini kwa kikaango kimoja? Tukianza Alhamisi watakula Ijumaa.”

Jibu lilitoka kwa Ignasi. Letisia alipomweleza jioni, wakati anakula, Ignasi aliuliza tu upana wa kikaango anaoutaka. Siku mbili baadaye alirudi kutoka karakana amebeba begani diski ya haro iliyochakaa, chuma cha kukatia udongo nyuma ya trekta, kipana kama ungo. Aliiomba kwa fundi mkuu ikiwa kwenye lundo la vyuma chakavu. Alikuwa ameziba tundu la katikati kwa kulichomelea, akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa, na alikuwa ameipondaponda ilale chini.

“Hii imelima sana,” alisema akiiweka juu ya mafiga. “Sasa ipumzike kwa kupika.”

Diski ilibeba chapati tisa kwa mpigo.

Alhamisi ya kwanza watoto walisimama mbele ya jiko hawasogei. Mmoja alisema zimeoza. Mwingine akasema ni dawa, kwa sababu Sista amesimama hapo, na nusu ya foleni ikarudi nyuma. Karina alipiga magoti kwenye vumbi, akachukua moja, akala polepole mbele yao, na uso wake ulitosha. Watoto wa wafanyakazi walikula, wakarudi kuomba nyingine. Watoto wa Kibarbaig hawakula. Kwao majani ni ya mbuzi. Ila binti mmoja wa darasa la tatu, aliyeandikishwa shuleni kwa jina la Juliana, alinusa, akainusa tena, akaimaliza.

Juliana alikuwa binti wa Gidahosh.

Alhamisi iliyofuata mzee mwenyewe alifika. Letisia alikuwa ameinama juu ya diski alipoona viatu vya matairi vimesimama karibu na kuni. Aliinuka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Gidahosh alikuwa na mgolole mweusi na fimbo ndefu. Hakupandisha sauti. “Wewe ndiye mpishi?”

“Ndiyo mimi.”

“Mume wako anaendesha lile jitu linalokata ngano.”

“Ndiyo, mzee.”

“Pale linapopita palikuwa malisho ya baba yangu. Mmelima malisho, nikanyamaza. Sasa ng'ombe wangu hawana majani, na binti yangu mnampa majani ale.”

Letisia alijua kwamba ni kweli. Alikuwa ameiona mifugo ikifukuzwa pembezoni mwa ngano, na alikuwa ameila ngano ile. Angeweza kumweleza habari za damu, jinsi Sista alivyopima, lakini alimtazama machoni akaona kwamba huyu hakuja kufundishwa.

“Pole, mzee,” alisema. “Kwa hayo ya malisho sina jibu. Mimi ni mpishi tu. Lakini usimhukumu mtoto kabla hujajua alichokula.”

Alichukua chapati moja kutoka motoni akaikunja, akampa kwa mikono miwili. Gidahosh hakuipokea mara moja. Kisha puani mwake pakapita kitu, naye akaipokea, si kuila, bali kuinusa, kama mtu anayemtambua ng'ombe wake kwenye kundi la mwenzake.

“Hii siagi imetoka wapi?”

“Kwa mke wako, mzee. Na maziwa pia.”

Mdomo wa Gidahosh ulianza kucheza pembeni, akajizuia, akashindwa. Alicheka kicheko kirefu ambacho kiliwatoa watoto darasani, hadi Mwalimu Julius akaja mlangoni na chaki mkononi.

“Mwanamke yule!” alisema. “Wiki tatu ananiambia ng'ombe wamepunguza maziwa.”

Alikula ile chapati kwa kung'ata vipande vidogo, akitema mara mbili nyuzi za jani. Alipomaliza alifuta vidole kwenye mgolole. “Ni maziwa,” alitamka, kama anayetoa hukumu. “Maziwa yaliyochafuliwa, lakini ni maziwa. Ale.” Akaondoka zake. Hakuja tena shuleni kwa jambo lile, ila tangu wiki ile vibuyu vilikuja viwili badala ya kimoja, na watoto wengine wa Kibarbaig wakajipanga nyuma ya Juliana.

Alhamisi hizo zilidumu miaka mitano. Miezi ya baridi, upepo ukishuka kutoka mlimani, Letisia alipika supu badala ya chapati, na mayai aliyakata kwa uzi. Karina alikuwa akilalamika kwamba kwao chapati zililiwa na jamu ya matunda madogo mekundu ya msituni, machachu. Letisia aliagiza matunda damu, mekundu na machachu vilevile, kwa dada yake Hilaria huko Mbulu, akayachemsha na sukari kidogo iliyopatikana. Karina alisema siyo yenyewe, halafu akasema ni bora, kisha akamwomba Mungu msamaha kwa kusema hivyo.

Mwaka 1986 kanisa lilimrudisha Karina kwao. Mgongo ulikuwa umemchosha. Siku mbili kabla ya safari alimjia Letisia jikoni na daftari la shule na kalamu.

“Mama Isidori, niandikie.”

“Nini?”

“Chapati. Zote, tangu mwanzo. Mara ya kwanza sikuuliza. Sirudii tena.”

Letisia hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko jina lake na orodha ya mahindi. Alikaa juu ya lile benchi la darasa la kwanza mchana kutwa. Alifuta, akaandika upya. Alipofika kwenye siagi alikwama, kwa kuwa hakujua namna ya kuandika sauti. Mwishowe aliandika: *Siagi itapiga kelele. Ngoja inyamaze. Isipotulia usiweke kitu.* Ziliingia kurasa mbili na nusu. Karina alizisoma kwa sauti, neno kwa neno, akalifunga daftari kwenye kitambaa, akaliweka kwenye mkoba wake wa mkononi, mahali alipoweka pasipoti.

Barua ilikuja mwaka uliofuata, imechelewa njiani. Letisia aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari, Ignasi akiwa amekaa pembeni anatengeneza mpini wa jembe. Karina aliandika kwamba aliwaalika kaka na dada zake wote, watu wazima wenye mvi, akawapikia kwa daftari lile. Hakuwaambia kitu. Kaka yake mkubwa, mtu mkavu asiyesema mengi, alikula moja, akaweka uma chini, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo. Aliporudi aliuliza Karina amepata wapi daftari la mama, wakati wote wanajua mama hakuandika. Akamwonyesha. Kaka yake aligeuza kurasa ambazo hakuweza kusoma hata neno moja, akauliza nani aliyeandika.

*Nilimwambia ni mpishi wa shule,* Karina aliandika. *Nikamwambia habari za diski ya haro. Hakuamini. Tafadhali mwambie Ignasi anichoree.*

Ignasi aliacha mpini. Alitafuta penseli nyumba nzima, akachora diski mara nne hadi akaridhika, akaweka na vipimo.

Waliandikiana miaka kumi. Shule iliacha kupika mwaka 1988, unga na kuni vilipokuwa shida, na mashamba yenyewe yalianza kudorora mwaka hadi mwaka, kombaini zikisimama kwa kukosa vipuri. Letisia na Ignasi walipanda kurudi Mbulu. Pale sokoni alifungua kibanda, na kwa wiki mbili watu walipita wakizitazama chapati zake za kijani kwa mashaka. Wiki ya tatu mwalimu mmoja alinunua kwa utani, akarudi na wenzake. Magoti yalimsumbua uzeeni, na dada yake Hilaria akawa ndiye anayesimama jikoni, yeye akikaa kwenye kigoda karibu na moto, akinusa, na kusema kwa sauti ile yake ya chini, “Geuza sasa.”